Usingizi wa Matanga

Mzee Bwanaheri alifariki Alhamisi, akazikwa Ijumaa baada ya swala. Usiku ule wanawake walipotandika mikeka katika chumba cha ndani, walibakiza nafasi ya mtu mmoja pembeni, karibu na mlango wa uani. Hakuna aliyesema ibakizwe. Wa upande huu alijisogeza huku, wa upande ule akajisogeza kule, kama watu wanavyojisogeza wakijua mwenzao yuko njiani. Ilipotimu saa tano nafasi ile ilikuwa bado wazi, saruji inaonekana, na kiupepo cha mlangoni kinapita juu yake.

"Ashatu hajaja," alisema Bi Zaina.

"Labda kasafiri."

"Asafiri wapi? Ashatu safari yake ni misiba."

Walicheka kicheko cha msibani, kile cha puani kisichofika kwa wafiwa. Kwa muda wa miaka mitatu na kitu, katika mitaa yetu ya Dunda na Magomeni, hapakuwa na matanga ambayo Ashatu binti Muharami hakuyalala.

Kwetu Bagamoyo mtu akifa nyumba yake haiachwi peke yake. Siku tatu ndugu na majirani huja kulala pale, wanaume barazani, wanawake ndani, wote chini kwenye mikeka, mkubwa na mdogo sawasawa. Ndiyo matanga. Kwa kweli si watu wengi wanaoyapenda. Mgongo unauma, mbu hawana huruma, watoto wanalia, na hawakosi wanawake wawili watatu ambao hawalali kabisa, wananong'ona mpaka jogoo la kwanza. Mtu akitoka matangani hurudi kwake akaanguka kitandani mchana kutwa. Ashatu peke yake ndiye aliyekuwa akitoka huko uso umenawiri, macho meupe, hatua nyepesi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Watu waliona wema tu. Waliona mjane wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, asiye na makuu, anayeishi kwa kusuka ukili, ile mishipi ya ukindu inayoshonwa ikawa mkeka. Waliona kwamba hakosi msiba wa tajiri wala wa maskini, wa jirani wala wa mtu wa mbali. Bi Zaina, ambaye ndiye msemaji mkuu wa wanawake wa mtaa ule, alizoea kusema, "Mkimwona Ashatu na mkeka kwapani, someni inna lillahi, kuna aliyekwenda." Watoto walimpa jina la Mama Matanga. Wakimwona anakuja wakati wa magharibi wanakimbia, wasije wakawa wao wanaofuata kufa.

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anakwenda kulala. Namaanisha hivyo hasa: kufumba macho, kulala usingizi.

*

Alikuwa na mume, Mikdad, na Mikdad alikuwa na pikapu. Kwa miaka kumi na tisa walifuata machungwa Muheza, wakayaleta soko la Bagamoyo. Walisafiri usiku ili mzigo ufike asubuhi kabla ya jua. Kupakia walisaidiana na vijana wa huko, kuendesha ilikuwa kazi ya Mikdad, na kazi ya Ashatu ndani ya gari ilikuwa moja tu: kuongea. Alimhadithia mumewe harusi zote alizohudhuria na zile ambazo hakualikwa, ugomvi wa uani, tamthilia za kwenye televisheni alizozitazama kwa jirani, nani kamwambia nani nini na yule kamjibu vipi. Mikdad alikuwa akijisifu kwa madereva wenzake, "Mimi gari langu halina redio. Nimeoa."

Mwaka wa tano sasa, mwezi wa saba, walitoka Muheza saa nane za usiku. Ashatu alikuwa amekaa juani tangu asubuhi anachambua machungwa, mabovu huku, mazima huku, na mwili ulikuwa umekufa ganzi. Hata hivyo aliongea. Aliongea wakapita Segera, wakapita Mkata, akaongea mpaka Mbwewe. Walipofika Msata wakakata kona ya kushoto kuingia barabara ya Bagamoyo, na hapo akajiambia, tumefika.

Hilo ni kosa letu sisi watu wa huku. Kutoka kona ile mpaka nyumbani ni zaidi ya kilomita sitini, pori kwa pori, lakini kwetu Msata ni kizingiti. Ukishaikata unahesabu umo ndani, unavua viatu, unalegeza ushungi. Ashatu alilegeza ushungi, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Alikusudia kufumba macho mpaka Kiwangwa tu.

Alipozinduka kulikuwa kumepambazuka. Pikapu ilikuwa mtaroni, karibu na Makurunge, pua imeingia kwenye ukingo wa kalavati. Machungwa yalikuwa yametapakaa majanini mpaka mbali, mengine bado yanabingirika taratibu. Yeye alikuwa na mchubuko begani. Mikdad alikuwa ameinamia usukani na hakujibu.

Askari wa usalama barabarani alimuuliza kwa upole, "Ilikuwaje, mama?"

Na yeye, bila kufikiri, bila kujua neno linatoka wapi, akasema, "Lori."

Basi likawa lori. Lori kubwa, taa kali, limehama upande wake, halikusimama. Waliokuja kuzika walililaani lori lile. Imamu aliomba dua dhidi ya madereva wasio na imani. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya malori ya siku hizi, na kila neno lilimshukia Ashatu ndani ya eda yake kama jiwe, kwa sababu alijua hakuna lori. Alijua kwamba mumewe naye alisinzia, na alisinzia kwa kuwa aliyepaswa kumweka macho alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi.

*

Tangu siku hiyo usingizi ulimkataa. Haikuwa kwamba hauji. Ulikuja, mzuri, mzito, na pale alipokuwa anazama tu mwili wote ulishtuka kama umepigwa shoti, moyo unakwenda mbio, jasho shingoni, masikio yanatafuta sauti ya mtu anayepumua kando yake. Alikaa kitandani akihesabu boriti. Ikifika adhana ya alfajiri, saa ile ile, kifua kilimbana mpaka akasimama.

Alijaribu kila alichoambiwa. Alikunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, alilosomewa na maalimu wa Kaole. Alikunywa maziwa ya moto, akajipaka mafuta ya habasoda kwenye paji la uso. Alinunua vidonge vya mafua kwa kuwa alisikia vinalevya, vikamlevya mchana. Aliacha redio inazungumza usiku kucha, lakini redio inazungumza hata kama chumbani hakuna mtu, na yeye alilijua hilo. Binti yake wa pekee, Shadya, aliyeolewa Pangani, alimwambia, "Mama, njoo ukae huku." Akajibu, "Nikalale kwa mkwe? Nimekosa haya?" Mama mkwe wake mwenyewe, Bi Mwanvita wa Zinga, alimtumia salamu mara mbili kwamba chumba kipo, aje. Hapo hakujibu chochote. Ilikuwa rahisi kulala na nyoka kuliko kulala chini ya paa la mama aliyemzaa Mikdad.

Kwa hiyo alisuka. Usiku kucha alikaa kwenye kigoda na chane za ukindu mapajani, mshipi unarefuka, unazunguka chumba, unafika mlangoni, unarudi.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha alifariki jirani wa nyumba ya pili. Ashatu alikwenda kwa kuwa ilimpasa. Alijilaza pembeni akijua atakesha kama kawaida, tena afadhali, atakesha na wenzake. Karibu yake Bi Zaina na mwingine walikuwa wananong'ona habari ya mtu aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Ashatu alisikia, "…basi yule wa pili akaja na fundi…" na lililofuata kulisikia ni adhana. Alikuwa amelala muda wa saa saba. Alikaa juu ya mkeka akajishika mashavu. Alilia, na waliomwona walidhani anamlilia marehemu.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Palipokuwa na mtu macho, mtu anayeongea kwa sauti ya chini gizani, mwili wake ulikubali. Kulikuwa na mtu wa zamu. Matanga yalipoanuliwa alirudi kwake, kwenye kigoda.

Kuanzia hapo maisha yake yalishika mkondo ambao hakuna mtu angeutamani. Alianza kusikiliza vipaza sauti vya misikiti. Kila mtu huku anakijua kile kikohozi cha kipaza sauti wakati usio wa swala. Mkono unasimama juu ya sufuria, watu wanatazamana, nani huyo? Ashatu naye mkono wake ulisimama. Lakini kilichomruka kifuani kilikuwa furaha, na alikijua kwa jina. Alikuwa akifurahi kwamba mtu amekufa. Kabla jina halijatajwa, kabla hajajua ni mzee au mtoto, tayari alikuwa ameona mkeka, ameona giza, amesikia wanawake wananong'ona.

Mwezi mmoja walikufa watatu, akalala usiku tisa, akanenepa. Mwezi uliofuata, alhamdulillahi, hakufa mtu, na yeye akawa anapita ukutani kama kivuli. Siku moja alijikuta amesimama nje ya nyumba ya mgonjwa anasikiliza kikohozi chake. Aliondoka pale karibu akimbie. Aliswali rakaa mbili akaomba asamehewe, akaomba mgonjwa yule apone, na wakati anaomba alijisikia anaomba kwa ulimi tu.

Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

*

Aliyekuja kumwaibisha ni Raya, mwanamke wa makamo, mwenye duka la vitenge, mkali wa maneno lakini si mtu mbaya. Mama yake alifariki saa mbili za usiku, na kwa kuwa ndugu walikuwa wanatoka Pangani, maziko yakawekwa kesho yake baada ya adhuhuri. Usiku ule basi maiti alikuwamo ndani, amefunikwa kanga, udi unafuka, na wanawake wamemzunguka wanasoma. Mbele ya maiti hakulaliwi. Ashatu alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Alikuja kwa nia ya kusoma, na mkeka aliuacha nje.

Lakini alikuwa hajalala kwa siku kumi na moja, na kisomo kile kilikuwa kinapanda na kushuka, sauti za wanawake kumi na tano, zote macho.

Alizinduliwa na kidole begani. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka pembeni, mate yanamtoka, na chumba kizima kilikuwa kimya kinamtazama.

"Shangazi," alisema Raya, macho mekundu. "Shangazi Ashatu. Mama yangu amelazwa hapo, hata kuzikwa bado, na wewe unamkoromea?"

"Nisamehe, mwanangu. Nimepitiwa."

"Umepitiwa! Umepitiwa leo? Mimi nilikuona kwa marehemu Mbaruku, unakoroma. Nilikuona Kaole, unakoroma. Nikasema labda macho yangu. Kwako hakuna kitanda?"

"Raya," alisema Bi Zaina, "mtu kachoka. Mwache."

"Kachoka na nini? Kalima wapi? Sisi tunafiwa, mwenzetu anakuja kulala. Anasubiri wetu wafe apate pa kulala!"

Raya alisema vile kwa uchungu tu, kama mfiwa yeyote anavyosema neno lolote lililo karibu. Hakujua kwamba amelenga penyewe. Ashatu alisimama, akatoka, akaokota mkeka wake pale nje, na alikwenda kwake gizani bila kuvaa kandambili, kandambili alizisahau mlangoni kwa watu.

Ndipo wiki tisa zikapita asionekane popote, wala mtaani hakufa mtu. Ndipo Mzee Bwanaheri akafa, na nafasi ikabaki.

*

Bi Zaina hakungoja matanga yaanuliwe. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ashatu anagonga.

"Hodi! Hodi, Ashatu! Kama umekufa sema, tuje na mikeka!"

Mlango ulifunguka. Ashatu alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Ukili ulikuwa umezunguka chumba tabaka juu ya tabaka, umepanda mpaka nusu ya mguu wa kitanda, na kitanda kimetandikwa vizuri, shuka halina mkunjo.

"Una muda gani hujalala?"

"Nalala nalala."

"Usinidanganye, mimi nimezaa saba. Vaa baibui."

Alimpeleka kliniki. Daktari alimpima presha, akasema iko juu kidogo, akawaelekeza chumba cha mwisho kwa muuguzi anayeshughulika na watu wenye mawazo mazito. Muuguzi huyo anaitwa Najma, msichana wa miaka thelathini hivi, ana miwani na sauti kavu. Alimwomba Bi Zaina akae nje, jambo ambalo Bi Zaina hajalisahau mpaka leo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Usingizi unakukosa wapi?"

"Nyumbani."

"Na unaupata wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ashatu alitazama chini. "Msibani," alisema.

Najma alitaka kucheka, kisha hakucheka. Aliuliza msibani kuna nini ambacho nyumbani hakipo, na Ashatu akafikiri, akasema watu wanaongea. Wako macho. Najma akaandika kitu.

Mashauri aliyompa siku ile yalikuwa ya kawaida sana, mpaka Ashatu aliona kama hajapewa dawa. Aamke saa ile ile kila siku, hata kama hakupata lepe la usingizi. Mchana asijinyooshe. Kahawa mwisho asubuhi. Ukili ukae chumba kingine, kitanda kiwe cha kulala tu. Akiona amegaragara muda mrefu ainuke, akae sehemu nyingine mahali penye mwanga hafifu, afanye jambo lisilo na haraka, arudi macho yakiwa mazito. Akishtuka aguse ukuta, aguse shuka, ajitajie mahali alipo: niko Dunda, niko nyumbani, gari limesimama.

"Mwili uliopata kitisho unajipa ulinzi, mama. Unakaa zamu. Wako haujaambiwa kwamba zamu imekwisha."

"Zamu yangu niliilala, mwanangu," alisema Ashatu. "Ndiyo maana."

Najma aliweka kalamu chini, akangoja. Lakini Ashatu alikuwa amekwisha simama, anatafuta mtandio wake.

Aliyafuata mashauri yale kwa wiki mbili. Alipata usingizi wa saa mbili, mara moja saa tatu. Jumanne ya tatu alirudi kliniki peke yake, akakaa, na kabla ya kusalimiwa akasema yote: Msata, kioo, lori ambalo halikuwapo, kipaza sauti, furaha ile. Alipomaliza alimtazama msichana yule kama mtu anavyomtazama kadhi.

"Sasa?" alisema.

"Sasa nini, mama?"

"Niambie."

"Nikuambie umesamehewa? Mimi sikufiwa." Najma alivua miwani akaifuta. "Kuna mtu mwingine aliyefiwa siku ile?"

"Mama yake."

"Yuko hai?"

"Yuko Zinga."

"Sikulazimishi," alisema Najma. "Wala sijui atakuambia nini. Lakini ukienda, nenda mchana."

*

Ilimchukua siku kumi na tatu. Alikwenda Jumatatu, akashuka barabarani saa tano, akatembea kwa mguu kupita maduka mpaka penye mihogo. Bi Mwanvita alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anamenya muhogo. Ana umri wa miaka themanini kasoro, na kisu chake hakijui umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ashatu? Mwaka mzima, halafu unakuja mikono mitupu. Hata mkate?"

"Nimesahau, mama."

"Umekonda. Kaa. Shika kisu kile, usinitazame tu."

Ashatu alikaa, akashika kisu, akamenya muhogo mmoja mpaka ukaisha. Akachukua wa pili. Maganda yalikuwa yanatoka mafupi mafupi.

"Mama," alisema. "Hakukuwa na lori."

Kisu cha Bi Mwanvita hakikusimama. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kwamba ulikuwa umelala." Alitupa muhogo kwenye beseni, ukarusha maji. "Nilimpigia. Nilikuwa nimemaliza kuswali alfajiri, nikampigia, kama ilivyokuwa kawaida yangu akiwa njiani. Nikamwambia mpe mwenzio nimsalimu. Akasema, kalala, mama. Tangu jana yuko juani. Namwacha."

Ashatu alifunika uso kwa mkono wenye maji ya muhogo.

"Ngoja, sijamaliza," alisema Bi Mwanvita. "Ningekata simu. Mtu mwenye akili angekata. Mimi nikaanza habari ya bati la jikoni. Bati linavuja, fundi kanipunja, fundi kaweka misumari michache. Naye ananisikiliza, ndiyo mama, ndiyo mama. Nikasikia kishindo. Nikadhani mtandao. Nikapiga mara nne."

Kuku walikuwa wanachakura maganda. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga.

"Watu waliponiuliza, nikasema sikumpata hewani. Wewe ulikuja na lori lako, nikaliacha lipite. Lilinifaa na mimi."

Ashatu alisema, kwa shida, kwamba angekuwa macho angeipokea simu ile yeye.

"Ungeipokea," alisema Bi Mwanvita. Hakumwonea huruma wala hakumwonea ukali. "Na mimi ningenyamaza, angetazama njia. Au angesinzia vilevile, sijui. Nimekaa na jambo hili miaka minne, Ashatu, sijui. Na wewe hujui. Usije ukanifanya niliseme tena."

"Sitakufanya."

"Haya. Menya."

Walimenya. Beseni lilipojaa Bi Mwanvita alisema, bila kumtazama, kwamba chumba cha Mikdad kimejaa mahindi, na kama anataka kulala humo atayatoa mwenyewe, kwa kuwa mgongo wake yeye haufai tena. Ashatu alisema atayatoa. Ilipofika alasiri alikuwa bado anabeba magunia.

Sitaki kusema kwamba alilala usiku ule. Hakulala. Hata usiku wa pili alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mumewe, akagusa ukuta, akajitajia, niko Zinga, niko nyumbani. Chumba cha pili mama mkwe alikuwa anageuka na kugeuka, na kila mmoja alijua mwenzake yuko macho, na hakuna aliyemwita mwenzake. Walikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, na katikati yao ukuta wa udongo. Mimi nadhani upweke wa namna hiyo ni mzito kuliko wa mtu aliye peke yake. Labda pia unabebeka zaidi.

Usiku wa tano alilala kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Alishtuka, kama kawaida, alfajiri. Alimkuta Bi Mwanvita amekaa uani amejifunika kanga, hana la kufanya. Alikaa naye mpaka kukapambazuka.

Miezi minane imepita. Nyumba ya Dunda amempangisha mwalimu. Kipaza sauti cha msikiti wa Zinga kikikohoa bado anasimama, na bado kuna kitu kinaruka kifuani. Anasema sasa ni kidogo, lakini kipo, na hajidanganyi. Misibani anakwenda mchana, anapika, anaosha vyombo, na kabla ya magharibi anaaga. Bi Zaina amemkasirikia kwa kuhama, na akimsimulia mtu anasema, "Mama Matanga katuacha wakiwa," kisha anabadilisha mazungumzo.

Ashatu binti Muharami anakaa Zinga kwa mama mkwe wake. Analala muda wa saa nne kwa usiku, tano siku njema, na kila Jumanne anapanda gari kwenda kliniki Bagamoyo.